Nusu Mzunguko wa Nati

Vijana wa usharika wetu hapa Kanyenye, Tabora, wameniomba niwaandikie kurasa chache juu ya kumtegemea Mungu kwa mahitaji ya kila siku. Naona walinichagua kwa sababu ya mvi. Mtu akiwa na mvi na akikaa benchi la mbele, watu hudhani kifua chake kimejaa shuhuda. Basi wanangu, kaeni mkao wa kula, ingawa chakula chenyewe ni kichungu. Sina ushuhuda wa kuwafanya mpige makofi. Nina habari ya kipande cha ngozi ya ng'ombe, upana wake kama kiganja cha mtoto, nilichokikata kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikakikata vizuri.

Mnajua nilikuwa mtu wa reli. Wengi mnadhani niliendesha treni, nami kwa miaka mingi sikuwasahihisha. Sikuendesha chochote. Nilikuwa mtu wa pampu. Wakati wa Mwingereza injini zilikwenda kwa mvuke, na mvuke hautoki hewani. Injini ilikunywa maji kuliko kundi la ng'ombe, na kila baada ya mwendo fulani ilibidi isimame inyweshwe. Kituo chetu kilikuwa kidogo, upande wa Goweko. Jina lake siliandiki kwa kuwa wajukuu wa watu wale wako hai, na baadhi yao nasali nao.

Palikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa kando ya mto wa mchanga, boila la kuni, pampu, na tangi la chuma juu ya nguzo. Kando ya reli palikuwa na bomba lenye mkono mrefu unaozunguka. Tuliuita mkonga, kwa kuwa ulining'inia kama wa tembo. Injini ikifika, unauvuta mkonga juu ya tangi la injini, unafungua, maji yanaporomoka.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Rajabu, Mnyamwezi mwenzangu, Mwislamu wa hapa mjini, mfupi, mwenye kucha nyeusi kwa grisi na kanzu nyeupe ya Ijumaa isiyokuwa na doa. Sijui alifanyaje. Baba yake alibeba pembe za ndovu begani kutoka Ujiji mpaka pwani, na Mzee Rajabu alikuwa akisema reli imelala juu ya nyayo za baba yake, kwa hiyo yeye halipi nauli. Alilipa, lakini alipenda kusema.

Alinifundisha kuisikiliza pampu. Pampu nzima inapumua kama mtu aliyelala, na pampu inayovuta hewa inapumua kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Alinifundisha pia ngozi, maana kila penye kiungio cha maji palikuwa na kipete cha ngozi cha kuzuia maji yasivuje. Tuliita wosha. Ngozi ya wosha hukatwa mgongoni mwa ng'ombe. Ya tumboni hulegea upesi. Uilowanishe kwenye mafuta ya mbarika siku mbili, uigonge kwa nyundo ya mti, ndipo uikate. "Usiikate ukiwa na hasira," aliniambia, "na usiikate ukiwa na haraka ya kusifiwa." Ile ya pili sikuisikia vizuri.

Wiki yangu ya kwanza nilifanya kosa ambalo kila mtu wa pampu amelifanya, na anayekataa ni mwongo. Nje ya tangi kuna kibao chenye namba na mshale. Mshale umefungwa kwa mnyororo kwenye boya lililo ndani, kwa hiyo husoma kinyume: maji yakipanda, mshale unashuka. Mimi niliona mshale umeshuka nikasema tangi li tupu, nikaongeza kuni. Maji yakafurika, yakamwagika kama masika. Wanawake wakatoka vijijini mbio na vyungu, watoto wakavua nguo, kuku wa stesheni masta wakaelea. Mzee Rajabu alikuja taratibu, akazima, akakaa juu ya gogo akacheka mpaka akashika mbavu. "Leo umefanya kazi ya Mungu kwa ujinga," alisema. "Subiri siku utakapofanya ya shetani kwa akili." Nilidhani ni utani.

Sasa kuhusu mkonga. Mkonga wa kituo chetu ulivuja. Usiku na mchana ulidondosha, si tone tone, bali uzi mwembamba wa maji kama mkia wa panya, na chini yake palikuwa na shimo lililotandikwa mawe bapa. Wanawake waliteka pale. Maji ya tangi yalikuwa ya injini, na amri iliyobandikwa ukutani ilikataza kumpa mtu yeyote. Lakini maji yaliyokwisha kuanguka chini si ya injini tena. Stesheni masta alipita kila siku akitazama upande wa pili. Watu wa pale, Wamoraviani kwa Wakatoliki, na wale wasio na dini, waliyaita maji ya Mungu. Visima vyao vilikauka kila kiangazi, lakini mkonga haukukauka.

Siku moja nilimwambia mzee, "Ule mkonga unavuja, niubadilishie ngozi?"

"Acha," akasema. "Ngozi za mkonga ndivyo zilivyo."

Nikaacha. Nilikuwa kijana niliyeoa karibuni, tena msomi, maana nilikuwa nimesoma kidogo shule ya misheni. Mwinjilisti wetu alikuwa na vijiji vingi, kwa hiyo Jumapili nyingi mimi ndiye niliyesoma neno na kulieleza. Kwa sababu hiyo waliniita Mwalimu. Na mara ngapi nimesimama mbele yao nikanyosha kidole dirishani, kuelekea mkongani, nikasema: tazameni, hata katika chuma cha Wazungu Mungu amewawekea riziki yenu! Wakaitikia amina. Nilikuwa na sauti nzuri siku zile.

Mzee Rajabu akastaafu, akarudi Tabora. Nikapewa pampu. Wanangu, hakuna mtu hatari kama kijana aliyepewa kazi ya mzee. Nilipaka tangi rangi. Nilipanga kuni kwa urefu. Kisha nikautazama mkonga, nikaona aibu. Nikaenda kwa mchinjaji nikachagua ngozi ya mgongo, nikailowanisha siku mbili kwenye mafuta ya mbarika, nikaigonga, nikaikata. Nilipanda ngazi, nikafungua nati, nikatoa ile ya zamani. Niliishangaa. Ilikuwa ya tumbo, imekatwa upande upande, kama imekatwa na mlevi. Nikaitupa nikisema moyoni kwamba uzee ni mbaya. Nikaweka yangu, nikakaza nati mpaka spana ikalia.

Halikudondoka tone.

Haukupita muda, mkaguzi wa Kizungu akafika na kiberenge, kile kigari kidogo cha relini. Akauzunguka mkonga mara mbili. "Kazi mzuri sana," akasema. "Mtu ya zamani iko vivu. Wewe iko fundi." Akaandika katika daftari lake, akaniambia akirudi baada ya mvua atanipeleka pampu kubwa ya stesheni kubwa, ambako mtu wa pampu alikaa nyumba ya matofali. Mke wangu Tabita alikuwa amechoka na kibanda cha mabati. Usiku sikulala kwa furaha.

Kesho yake asubuhi wanawake walikuwa wamesimama chini ya mkonga na vyungu vitupu. Shimo la mawe lilikuwa limekauka. Mmoja wao alikuwa Nyamizi, jirani yetu, ambaye mumewe alikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga na hakuleta hata salamu. Mgongoni alikuwa na binti yake, Milembe, mtoto wa kama miaka mitatu, mcheshi, aliyezoea kuniita "Mwalimu wa maji".

"Mwangaluka, Mwalimu," alisema Nyamizi. "Mkonga una nini?"

"Umepona," nikasema, na nilicheka.

Hawakucheka. "Basi tuteke wapi?"

Niliwaonyesha amri ukutani, kana kwamba hawakuiona miaka yote. Nikawaeleza kwamba nimekabidhiwa maji ya watu wengine, nami lazima niwe mwaminifu. Halafu nikaongeza lile neno. Nakumbuka hata nilivyoweka mikono nyuma nilipolisema. "Mtegemeeni Mungu, mama zangu. Mungu atatoa."

Nyamizi alinitazama kidogo. "Si alikuwa ametoa?" akasema. Wakajitwika vyungu vitupu wakaondoka. Nilimwona ni mwanamke mwenye ulimi.

Wakaanza kuteka kwenye lambo la ng'ombe, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Mwaka ule mvua ilikawia. Lambo likawa tope, tope likawa kijani. Nami Jumapili nikahubiri juu ya ndege wasiopanda wala kuvuna, nikawauliza watu wale, midomo yao imepasuka, kama wao si bora kuliko ndege. Hakuna aliyeitikia amina kwa nguvu, nikadhani ni kiu ya roho.

Ndipo nikaja Tabora kuchukua vifaa, nikapita kumsalimia Mzee Rajabu. Alikuwa barazani kwake anakunywa kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pampu inapumuaje?"

"Inapumua vizuri. Na mkonga nimeuponya. Hauvuji tena."

Akaweka kikombe chini. "Wanawake wanateka wapi?"

Nikamwambia lamboni. Akajisogeza karibu nami. Kisha akasema, "Ile ngozi uliyoitoa uliionaje?"

"Ya tumbo, mzee. Imekatwa vibaya."

"Nilikuwa naikata mimi. Kila kiangazi ilipoanza kuvimba na kuziba, nilikata nyingine mbaya zaidi." Alinyosha kiganja akakitazama. "Mimi, niliyekufundisha mgongo na tumbo. Ulidhani sijui?"

Niliona joto usoni. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungekuwa umejua, ungefungwa pamoja nami siku ya kukamatwa. Mtu asiyejua hana kosa." Akatikisa kichwa. "Na nilidhani utaona mwenyewe. Baba yangu alisema, kwenye njia ya misafara, aliyefika kisimani kwanza hakuondoka bila kuwaachia walio nyuma maji safi na kata ya kunywea. Aliyevunja kata, wapagazi walimtenga, hawakula naye. Wewe unasoma dini, nikasema huyu hahitaji kuambiwa."

"Nifanye nini sasa?"

"Nati ilegeze. Nusu mzunguko tu. Ukiulizwa, sema ngozi imechakaa."

"Huo si uongo, mzee?"

Alinitazama kwa namna ambayo hata leo nikiikumbuka nainamisha kichwa. "Na ile 'Mungu atatoa' uliyowaambia, maana najua uliwaambia, ile nayo ilikuwa kweli?"

Nilirudi kituoni na spana yangu mfukoni. Sasa nisikilizeni hapa, maana kabla ya hapa nilikuwa mjinga, na mjinga husamehewa. Kuanzia hapa nilikuwa najua. Nilisimama chini ya mkonga nikautazama. Nikafikiri juu ya daftari la mkaguzi, palipoandikwa kwamba mkonga hauvuji. Nikafikiri nyumba ya matofali. Nikasema, mvua zi karibu, atakaporudi mkaguzi na kunihamisha, atakayekuja ataulegeza. Nikasema kesho. Nikaingia ndani nikapiga magoti nikaomba mvua. Niliomba kwa bidii, wanangu, na machozi yakanitoka, nikatoka humo nimeburudika kabisa kama mtu aliyefanya kazi. Nilifanya hivyo siku tisa.

Siku ya kumi Nyamizi alikuja mlangoni pangu. Milembe alikuwa anaharisha na kutapika tangu juzi. Kichwa kilikuwa kimelala begani mwa mama yake, macho yameingia ndani.

"Naomba kata moja ya maji safi," alisema. "Ya mtoto tu. Mimi sinywi."

Sisi watumishi tulikuwa na posho yetu ya maji, mtungi umejaa nyuma ya mlango. Tabita aliinuka bila kuniuliza, akachota. Mimi nikamnong'oneza, na Nyamizi alisikia, kwa kuwa kibanda kilikuwa kidogo: "Ukimpa huyu watakuja wote."

Tabita alipita mbele yangu na maji. Alimpa kata, akampa na kibuyu kilichojaa. Mimi nikamwekea mtoto mkono kichwani nikamwombea. Nyamizi alisimama mpaka nikamaliza, kwa heshima, kisha akaenda.

Milembe akafa kesho yake mchana. Kata moja na kibuyu havikutosha kuosha lambo zima tumboni mwa mtoto.

Mwinjilisti alikuwa safarini, kwa hiyo mimi ndiye niliyezika. Kaburi lilikuwa fupi, na ardhi ilikuwa ngumu hata wachimbaji walilalamika hakuna maji ya kuilainisha, kisha wakaona wamesema nini, wakainamia majembe. Nikaomba, tukaimba. Ikafika mahali pa kutamka yale maneno ambayo Wakristo wote tunayajua, kwamba Bwana ndiye aliyetoa na Bwana ndiye aliyetwaa. Nilifungua mdomo nikakwama.

Watu walidhani ni huzuni. Nyamizi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyosha. Akainua uso.

"Sema, Mwalimu," akasema polepole. "Sema ni nani aliyetwaa."

Mnajua nilifanya nini? Nilisema. Nilisema ni Bwana. Mbele ya watu, juu ya kaburi, Biblia mkononi na spana mfukoni, nikamsingizia Mungu. Wengine mnaogopa dhambi za ujana wenu, za pombe na za mabinti. Mimi sina muda nazo. Mimi namwogopa Mungu kwa ajili ya sentensi ile.

Nilitoka makaburini moja kwa moja mpaka mkongani, nimevaa bado nguo za mazishi. Nilipanda ngazi. Nikalegeza nati. Maji yakatoka kama zamani, uzi ule ule, yakaanza kugonga mawe.

Mtataka kujua kama niliadhibiwa. Mkaguzi alirudi baada ya mvua kunyesha, akauona mkonga unadondosha. "Nini hii?" Nikamwambia ngozi imechakaa, bwana. Akasema "Aa," akaandika neno moja katika daftari, akapanda kiberenge chake akaenda. Hiyo ndiyo ilikuwa bei yote niliyoiogopa. Nyumba ya matofali sikuipata, akapewa mtu mwingine, na Tabita hakuitaja tena mpaka alipokufa. Nilikaa kituoni pale mpaka nilipostaafu. Kila kiangazi nilikata ngozi ya tumbo, upande upande, kama mlevi. Nikawa stadi wa kukata vibaya.

Nimesikia mnavyoomba siku hizi. Mtu analeta shida yake kanisani, na kabla hajamaliza kueleza mmekwisha kumshika mkono: "Mungu atatoa, ndugu." Mnalisema upesi, kama mtu anayefunga mlango ili kuku wasiingie. Sisemi ni uongo. Nimekula riziki ya Mungu zaidi ya miaka themanini. Ila kabla hujalisema, jipapase kwanza mfukoni uone kama spana haimo.

Nimalizie siku ile ya mazishi. Nilikuwa bado juu ya ngazi wanawake waliposikia maji. Walikuja mbio kutoka msibani, machozi hayajakauka, wakaweka vyungu kwenye foleni. Mmoja akapiga vigelegele: "Mungu ametukumbuka!" Wengine wakaitikia. Wakaniangalia nishuke niwaongoze katika sala ya shukrani, kwa kuwa mimi ndiye Mwalimu. Sikuweza kushuka.

Nyamizi alikuja wa mwisho. Hakuwa na chungu. Alisimama akatazama maji, akatazama ngazi, akatazama spana mkononi mwangu.

"Imekuchukua muda gani?" akaniuliza.

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo kiasi gani?"

Sikumjibu, na alingoja. Ameshafariki sasa, naye hakuniuliza tena. Lakini jana, kabla ya kuwaandikia, nilichukua spana ile ile, nikaenda kwenye bomba la hapa uani kwangu, nikalegeza nati nusu mzunguko huku nikisali Baba Yetu kwa sauti, nipime muda. Maji yalianza kutoka kabla sijafika kwenye "utupe leo mkate wetu".